Kuipima Bunduki ya Shumpei

Katsushika, Tokyo
11 Februari

Kwa dada yangu mpendwa Kinue,

Salamu zikufikie hapo nyumbani Yokote, wewe na majirani wote wanaokujulia hali. Huku kwetu baridi ni kavu, upepo unavuma kutoka mtoni mchana kutwa na midomo inapasuka, lakini theluji hatujaiona. Nilisikia redioni kwamba huko imefika usawa wa madirisha. Je, mwaka huu nani anakupandia paani kuiondoa? Kama ni yule jirani wa nyumba ya pili, mpe salamu zangu na umwambie asikuruhusu kushika koleo, hata ukimgombeza. Na goti linaendeleaje? Mimi ni mzima wa kiasi. Mgongo unanikumbusha umri kila niamkapo, ila nakula, natembea, na kila asubuhi nawasha udi mbele ya picha ya marehemu mke wangu Mieko na kumpa habari zako.

Kifurushi chako kimefika salama. Figili za moshi umezikausha vizuri kuliko za mwaka jana, harufu yake ilinipokea kabla sijafungua karatasi. Lakini ndani yake uliweka kadi, Dada, na kwenye kadi ukaandika maneno ya kunishukuru kwa kumlea mwanao Shumpei hapa mjini tangu baba yake atutoke. Kadi hiyo nimeisoma mara tatu. Kila nikiisoma naiweka mezani, natoka nje, nazunguka mtaa, narudi, naikuta pale pale.

Tena sijasahau kwamba ulipopiga simu siku ya mwaka mpya uliniuliza mambo mawili. La kwanza, kwa nini niliacha kazi miaka miwili kabla ya wakati wangu. La pili, kwa nini ukimwuliza Shumpei habari zangu anakujibu tu kwamba Mjomba hajambo, kwa sauti ya mtu anayemzungumzia mpangaji wa jirani. Nilikujibu kwamba ni mgongo, na kwamba kijana ana shughuli nyingi. Nilikudanganya. Leo nataka kukuandikia mambo yote kwa mpangilio, maana kwa simu siwezi, nitaishia kukuuliza tena habari za goti.

Kazi yangu hukuwahi kuipenda. Nakumbuka ulivyowachekesha watu kwenye harusi yangu ukisema mdogo wako ni mtu mzima anayelipwa kuchezea bunduki za watoto. Sikukasirika. Lakini sidhani kama niliwahi kukueleza sawasawa. Bunduki tunazotengeneza zinafanana na za kweli kwa sura na uzito, ila zinarusha punje za plastiki ndogo kama njegere, na wanunuzi wake wengi si watoto. Ni watu wazima wanaokwenda msituni siku za mapumziko kucheza vita, na baadaye wanakaa pamoja kula tambi. Ndani ya bunduki mna betri, mota, giaboksi, na pistoni inayosukumwa na springi. Kazi yangu kwa miaka thelathini na mmoja ilikuwa kuchukua kila bunduki mpya kabla haijauzwa na kuitesa. Niliiangusha sakafuni kwa pande zote sita, nikailaza ndani ya friza, nikaimwagia mchanga, nikapima kama nguvu yake haivuki kipimo kilichowekwa na sheria, kisha nikaifyatua mpaka ichoke. Mwisho niliandika ripoti na kugonga muhuri wangu. Bila muhuri huo hakuna kilichotoka kiwandani, hata mwenye kiwanda angelia.

Mwenye kiwanda, Bwana Minegishi, unamfahamu. Ndiye aliyekuja kwenye mazishi ya Mieko akakosea akavaa viatu vya mtu mwingine. Ni mtu mwema, lakini kiwanda alikirithi kwa baba yake na tangu hapo anaishi kama mtu aliyebeba bakuli lililojaa maji.

Shumpei nilimwingiza mimi kiwandani, miaka sita iliyopita. Sikumpendelea. Alichora mbele ya Bwana Minegishi, akaulizwa, akajibu, akachukuliwa kwa kichwa chake mwenyewe. Lakini miundo yake miwili ya mwanzo niliikataa mimi, kwa kalamu yangu. Ya kwanza kitako kilivunjika kwa kuangushwa mara moja tu. Ya pili ilikwama kwenye baridi. Hizo habari sikukuambia na najua yeye hakukuambia. Baada ya ile ya pili hakuja kazini siku nne. Nilimfuata kwenye chumba chake, nikamkuta ameketi sakafuni mchana kweupe, mapazia yamefungwa, sahani zimerundikana. Nilimpikia uji wa wali. Alikula vijiko vitatu akanishukuru kwa adabu, halafu akaendelea kutazama ukuta. Dada, wewe ndiye uliyekaa na shemeji miaka miwili baada ya kiwanda chake cha mbao kufungwa. Unajua nilichokiona mimi mle chumbani. Sikuhitaji kuambiwa.

Ndipo ikaja hii ya tatu. Ningependa uione. Ni fupi, nyepesi, haina hata pembe moja inayokwaruza nguo. Vitufe vyake vyote anaweza kuvifikia mtu wa mkono wa kulia na wa kushoto sawasawa. Mpini wake ni mwembamba juu na mnene chini, mtu akiushika vidole vinajipanga vyenyewe. Springi inabadilishwa bila kufungua giaboksi nzima, jambo ambalo viwanda vikubwa vilishindwa kulifanya kwa bei yetu. Na sauti yake, Dada, ilikuwa kavu na fupi, kama mtu anayevunja kijiti. Nimepima bunduki zaidi ya mia mbili maishani mwangu na sikumbuki nyingine iliyonikalia mkononi namna ile. Bi Yasuyo, mama anayeunganisha giaboksi, ambaye ulimi wake haujawahi kupata likizo, alinikuta nimeishika naigeuzageuza akasema, "Teizo, ukizidi kuitazama hivyo itabidi tukutolee mahari." Shumpei alikuwepo. Alicheka mpaka akaegemea meza. Nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo tangu shemeji afariki.

Bwana Minegishi aliniita ofisini kabla sijaanza majaribio. Alisema nafasi kwenye maonyesho ya Novemba imeshachukuliwa. Alisema hanilazimishi jambo lolote, anajua mimi si mtu wa kulazimishwa. Lakini akaongeza kwamba huu ni mwaka wa sita analisha mchoraji ambaye michoro yake haiendi sokoni, na kwamba hii nayo ikikwama atamhamishia Shumpei idara ya kufunga mizigo. Alisema bila ubaya, akinimiminia chai.

Basi nikaanza. Kuangushwa, ilipita. Baridi, ilipita, na mimi mwenyewe nilishusha pumzi. Mchanga, ilikohoa kidogo ikaendelea. Likabaki jaribio refu, risasi elfu thelathini kwa bunduki moja. Ni kazi ya kuchosha kuliko unavyoweza kufikiri. Unakaa kwenye chumba kidogo, unajaza punje kwenye magazini, unafyatua, unajaza, unafyatua, punje zinapiga pazia na kuanguka kwenye sanduku, na kila risasi elfu moja unapima mwendo na kuandika. Ilinichukua siku nane za kazi. Nilipomaliza niliandika kwamba imefika elfu thelathini bila kasoro, nikagonga muhuri. Bwana Minegishi alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Shumpei aliniinamia chini kabisa, akakaa hivyo muda mrefu mpaka mimi nikaona haya.

Mwezi wa Oktoba tulichukua bunduki sita za kwanza, zilizokwisha kufyatuliwa maelfu ya risasi kiwandani, tukaenda nazo Chiba, kwenye uwanja wa msituni, tukawapa wachezaji wa siku zote wazijaribu. Kulikuwa na daktari wa meno, muuza samaki, mwalimu wa hesabu, watu wenye vitambi waliovaa kama makomandoo. Mchezo huo hauna mwamuzi wa kumwona kila mtu. Anayepigwa anainua mkono mwenyewe, anapaza sauti kwamba amepigwa, anatoka. Nilikaa kwenye kiti nikiwatazama wakitoka kwenye vichaka mmoja mmoja, wenye matope, wakicheka.

Baada ya chakula cha mchana daktari wa meno alirudi mapema, ameibeba bunduki kama anayebeba paka mgonjwa. Ilikuwa inanguruma lakini haitoi kitu. Shumpei aliifungua palepale juu ya meza, watu wamemzunguka. Ganda la giaboksi lilikuwa limepasuka upande wa mbele, kwenye kona pale pistoni inapogonga, ufa umepita kutoka ukingo hadi ukingo. Daktari aliomba radhi mara tano kana kwamba ameivunja yeye. Shumpei alimtuliza kwa upole, akalifuta ganda mafuta, akalitazama kwenye mwanga. Kisha akanigeukia mimi.

"Mjomba, ile ya kwako ilimaliza kweli elfu thelathini?"

Nilimwambia ilimaliza.

Aliitika kwa kichwa. Kwake hilo lilikuwa limekwisha, maana nilikuwa nimesema mimi. Akaanza kufikiri upande mwingine. Kama muundo ni mzima, basi tatizo liko kwenye chuma. Na chuma cha maganda hayo tulikuwa tunayeyushiwa na Mzee Ebisawa wa Kawaguchi, ambaye amefanya kazi na kiwanda chetu tangu enzi za marehemu Minegishi mkubwa. Ana tanuru moja, mke mmoja, na wafanyakazi wawili wenye mvi kama yeye. Bwana Minegishi alimpigia simu siku hiyohiyo. Juma lililofuata kazi ikapelekwa kwa mtu mwingine, siyo ya bunduki hii peke yake, ni kazi yote.

Mzee Ebisawa alikuja. Hakuja kugomba. Alivaa suti nyeusi inayombana mabegani, nadhani ni ile anayoivaa misibani, na alibeba sanduku la mbao lenye vipande vya chuma cha mabaki kutoka kwenye lile fungu la maganda. Alisimama katikati ya sakafu ya kiwanda mbele yetu sote, akatoa kofia. Alisema amevivunja vipande kumi na viwili na kuvitazama kwa lenzi, na macho yake hayakuona kosa, lakini kwa kuwa muundo umethibitishwa na mpimaji kama Bwana Hatakeyama, yaani mimi, basi bila shaka kosa ni la tanuru lake na la macho yake yaliyozeeka. Kisha akainama. Mtu wa miaka sabini na nne, Dada, akainama mpaka sanduku likagusa goti. Aliomba radhi kwa Bwana Minegishi, akaomba radhi kwa Shumpei kwa kumharibia kazi ya mikono yake, halafu akanifuata mimi niliposimama karibu na mlango, akaniomba radhi na mimi, kwa kunipotezea siku zangu nane.

Hapo ndipo nilipotaka kuisimamisha barua hii. Nimenyanyuka, nimechemsha chai, nimeinywa yote. Sasa nakuambia.

Bunduki ile haikufika elfu thelathini. Ilipasuka kwenye elfu ishirini na moja na mia nne.

Ilikuwa Jumatano, saa nane mchana. Niliusikia ufa kabla ya kuuona. Sauti ile kavu niliyokusimulia iliingiwa na kitu kizito kidogo, kama mtu mwenye mafua. Mtu mwingine asingetambua. Niliifungua nikaikuta alama nyembamba kama unywele, kwenye kona ileile iliyokuja kupasuka Chiba. Sababu niliijua papo hapo. Shumpei alikuwa ameipunguza nyama ya chuma pale ili bunduki iwe nyepesi, na kona akaiacha kali, mraba kabisa, wakati kona inayogongwa hutakiwa iviringwe kidogo ili igawe pigo. Ni kosa la kijana. Lingesahihishwa kwa miezi miwili, pengine mitatu. Maonyesho yangepita, ndiyo. Na yeye angeenda kufunga mizigo, pengine.

Nilikaa na lile ganda mkononi. Nilichokiona mbele yangu hakikuwa bunduki. Nilimwona ameketi sakafuni, mapazia yamefungwa. Nilimwona shemeji kando ya jiko la mafuta, na wewe unamnyoa ndevu kama mtoto. Nilikumbuka siku ya mazishi uliponishika mkono wa koti ukaniambia nimtazame mwanao. Basi nikafungua droo, nikatoa ganda jipya, nikalifunga, nikaendelea kuhesabu kutoka elfu ishirini na moja na mia nne kana kwamba hakuna lililotokea. Mikono yangu haikutetemeka hata kidogo. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Ganda lililopasuka nililifunga kwenye kitambaa nikaliweka nyuma ya droo. Kwa nini sikulitupa, sijui. Miaka thelathini na mmoja sijawahi kutupa kipande kilichovunjika.

Chiba nilipoulizwa mbele ya watu nikadanganya mara ya pili. Uwongo wa kwanza niliutafutia sababu, nikajiambia ni mapenzi. Wa pili haukuwa na sababu yoyote ila kuulinda wa kwanza. Na kazi ya Mzee Ebisawa ilipochukuliwa nilinyamaza, na kunyamaza huko ndiyo mara ya tatu.

Siku ile alipoondoka na sanduku lake, Bi Yasuyo alisogea karibu na mimi akiwa anafuta mikono. Alikuwa hajui lolote. Alisema tu, kama anavyosema mambo yake yote, "Yule mzee hana kosa. Mwenye kosa hainami chini namna ile."

Kesho yake asubuhi nilifika kabla ya wote. Shumpei naye huwahi. Nililiweka lile ganda mezani kwake, juu ya michoro yake, nikalifungua kitambaa. Nilimwambia idadi. Nilimwambia siku. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengine mengi njiani, lakini hayo mawili yalipokwisha kutoka sikuona haja ya mengine.

Alilishika. Alipitisha ukucha wake kwenye ufa, taratibu, kama tunavyofanya sote, maana nilimfundisha mimi. Nilingoja apaze sauti. Ningeshukuru angepaza sauti. Mwishowe akasema, "Kona. Ningeiviringa kidogo tu." Alikuwa anajisemea. Halafu akainua macho.

"Kwa nini, Mjomba?"

Nilimwambia niliogopa angevunjika. Nilimwambia habari ya chumba chake na mapazia. Nikamtaja na baba yake, Dada, nisamehe, nikamtaja.

Aliligeuza lile ganda juu chini. Kisha akaniambia maneno haya, nami nakuandikia kama yalivyo, kwa sababu wewe ni mama yake na una haki ya kujua mwanao ni mtu wa namna gani.

"Basi hukuipima bunduki. Ulinipima mimi, bila kunifyatua hata mara moja, ukaandika kwamba sifai."

Alisimama, akalichukua ganda, akaenda kwa Bwana Minegishi. Mimi nilimfuata nyuma. Alisema yeye kwanza, kabla sijafungua kinywa. Alisema muundo wake una kosa, akaonyesha kona kwa kalamu, akasema maonyesho yaahirishwe na kazi ya Mzee Ebisawa irudishwe leo. Juu yangu hakusema neno. Aliniachia niseme mwenyewe. Nikasema. Bwana Minegishi aliketi, akashika kichwa, akaniuliza kama ningependa sababu ya kuacha kazi iwe ni mgongo. Ni mwema, nilikwambia. Nikakubali iwe ni mgongo. Huo nao ni uwongo, wa nne, na ndio niliokulisha wewe mwaka mpya.

Muhuri wangu niliuacha mezani kwake. Watu waliniandalia chakula cha kuniaga, wakaniimbia, Bi Yasuyo akalia. Shumpei alihudhuria, akanimiminia kinywaji kama inavyompasa mpwa, akamimina kwa mikono miwili, wala hakumwaga tone.

Kawaguchi nilikwenda kwa treni, peke yangu. Shumpei alikuwa ameshakwenda siku moja kabla, hilo nililijua nilipofika. Mke wa Mzee Ebisawa alinikaribisha, akaleta chai na keki ndogo za mchele, akaondoka akatuacha. Niliinamisha kichwa mpaka kwenye mkeka nikamwambia yote. Alinisikiliza bila kunikatiza. Nilidhani atanifukuza, na nilikuwa nimejiweka tayari. Aliniambia kwamba tangu siku ile ya simu alikuwa amezima tanuru. Si kwa kukosa kazi tu. Kila alipomimina chuma aliona rangi yake akajiuliza kama kweli ni rangi anayoiona, au ni uzee. "Miaka hamsini naangalia moto," alisema, "na kwa neno lako nikaacha kuyaamini macho yangu." Hakusema kwa hasira. Alisema kama anayenipa hesabu ya siku zake. Halafu akaniambia ninywe chai, inapoa. Nikanywa. Sijawahi kumeza kitu kigumu kama chai ile.

Tanuru limewashwa tena, nilipata habari kwa Bi Yasuyo. Lakini wafanyakazi wake wawili mmoja alikuwa ameshapata mahali pengine, hakurudi. Hilo halina ripoti ya kulisahihisha.

Shumpei hakupelekwa kufunga mizigo. Maonyesho yalipita, kiwanda kikaonyesha bunduki za zamani zilizopakwa rangi mpya, Bwana Minegishi akazeeka kidogo. Kijana aliichora kona upya, akaongeza unene wa chuma kwa kiasi cha karatasi chache, bunduki ikazidi uzito kwa gramu tisini. Jaribio refu alilifanya mwenyewe, zamu kwa zamu na Bi Yasuyo, kwa sababu mpimaji mwingine hajapatikana. Hakuishia elfu thelathini. Aliendelea mpaka ikavunjika, na ilivunjika kwenye elfu thelathini na nane na mia sita. Akaiandika hivyohivyo kwenye ripoti. Mimi katika miaka yangu yote nilikuwa nikisimama elfu thelathini na kuandika kwamba haina kasoro. Yeye aliandika lini ilikufa na ilikufia wapi.

Sasa, Dada, umenielewa kwa nini kadi yako siwezi kuipokea. Mwanao hakuvunjika. Alipigwa na kitu ambacho mimi nilidhani hatakimudu, na aliyempiga ni mimi, akasimama akafanya lililotakiwa kufanywa. Sidai kwamba ni malezi yangu. Kama kuna aliyemlea, ni wewe.

Usimkasirikie kwa kutonitembelea. Wala usimpigie simu kumbembeleza aje, nakuomba sana. Kama ni kukasirika, nikasirikie mimi, na ukitaka kunitukana kwa lahaja ya nyumbani nitafurahi, maana huku hakuna tena anayenitukana kwa lahaja hiyo.

Nilikuwa nimeishia hapo jana, lakini leo mchana simu ililia na imenibidi niongeze. Alikuwa Shumpei. Hajanipigia tangu Novemba. Hakuuliza habari za afya. Nyuma yake nilisikia mashine ya kusukuma hewa ya chumba changu cha zamani cha majaribio. Alisema, "Mjomba, ile sauti inapoanza kuwa nzito, huwa ni risasi ngapi kabla ya ufa kuonekana?"

Nilimwambia inategemea springi, lakini kwa kawaida ni mia tatu, mia nne. Nikamwambia asiisikilize kwa sikio lililo karibu na bunduki, aisikilize kwa lile jingine. Nikasikia anafyatua. Akafyatua tena. Baada ya muda mrefu akasema, "Naisikia." Kisha akashukuru akakata simu.

Sikumwuliza atakuja lini, naye hakusema. Nilibaki nimeishika simu mpaka mkono ukachoka.

Basi Dada, karatasi zimekwisha na macho nayo yanadai haki yake. Jifunike vizuri, paani usipande, na ukimwashia shemeji udi, mwashie na mmoja kwa niaba yangu. Nisalimie majirani wote, na yule anayekuondolea theluji mwambie nitamletea mwenyewe zawadi njia za huko zikifunguka, iwapo baada ya kuisoma barua hii bado mlango wako uko wazi kwangu. Usipojibu nitaelewa. Ukijibu, hata neno moja la ukali, nitalishukuru.

Ni mimi mdogo wako, mwenye kukuheshimu,

Hatakeyama Teizo